Gaweni mirathi kwanza, daianeni baadaye

Mzazi akifariki huku watoto wake wanadaiana, kila mmoja huingia kwenye kikao cha mirathi na hesabu yake kichwani. Anayedai anaona siku ya kulipwa imefika. Anayedaiwa anaomba Mungu jambo hilo lisitajwe. Asiyedai wala kudaiwa anadhani hayamhusu, kumbe yeye ndiye aliye hatarini, kwa sababu hesabu ikivurugwa, deni la watu wawili litalipwa kwa fungu lake na hatajua lilitokaje.

Mimi nilikuwa huyo wa tatu. Tumezaliwa wanne: kaka yetu mkubwa, dada, mimi, na mdogo wetu wa mwisho. Baba alitangulia zamani. Mama alipomfuata aliacha nyumba, akiba kidogo benki, na madeni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona yote kwa pamoja. Kaka alikuwa amemkopa dada fedha za biashara, na biashara ikafa. Mdogo wetu alikuwa amekopa kwa Mama mwenyewe. Dada alikuwa amegharamia sehemu kubwa ya matibabu ya Mama miaka ya mwisho. Kazi ya kuandika hesabu ikaangukia kwangu kwa kuwa sikuwa na deni upande wowote, na tangu siku hiyo nimeitwa kusaidia familia nyingine zilizofika palepale tulipofika sisi. Karibu zote zinakwama sehemu moja.

Kikao chetu cha kwanza kilikwama mapema. Dada aliweka simu yake mezani, ikiwa wazi kwenye ujumbe wa kaka: "Dada yangu, nivumilie, nitakulipa yote nikikaa sawa." Kaka hakuukana. Alisema tu, "Dada, hapa tumekuja kwa mambo ya Mama. Yangu na yako tutayazungumza mimi na wewe." Dada akajibu, "Kaka, nisipodai leo nitadai lini? Ukishapokea fungu lako nitakupatia wapi?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Deni la kaka kwa dada halikuwa mali ya Mama, kwa hiyo halikuwa na nafasi kwenye mirathi. Lakini dada pia alijua, kama sisi sote, kwamba fedha za mirathi ndizo pekee ambazo kaka angezishika kwa mkupuo. Waswahili wamesema kukopa harusi kulipa matanga, na kwetu matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa.

Mzee mmoja wa ukoo, mtu mwenye heshima na nia njema, akatoa suluhisho lililomfurahisha kila mtu: "Ondoeni kwanza cha dada juu kwa juu, kinachobaki mgawane sawa." Ni kauli nimeisikia tena katika familia nyingine, na kila mara watu huitikia kwa vichwa. Inasikika kama haki. Niliomba ahirisho, nikaketi na karatasi.

Tuchukue namba nyepesi. Tuseme mali yote ya marehemu ina thamani ya 1,000, warithi ni wanne, na mafungu ni sawa, yaani 250 kwa kila mmoja. Kaka anadaiwa 80 na dada. Ukigawa kwanza, kila mtu anapata 250, kisha kaka anamtolea dada 80 kutoka mfukoni mwake. Kaka anabaki na 170, dada anakuwa na 330, mimi na mdogo wetu tuna 250 zetu kamili. Sasa fuata ushauri wa mzee: ondoa 80 juu, zinabaki 920, gawa kwa wanne, kila mmoja 230. Dada ana 230 na zile 80, jumla 310. Mimi nina 230. Mdogo wetu ana 230. Kaka ana 230.

Angalia nani amelipa. Mimi nimetoa 20 kwa deni ambalo sikulikopa. Mdogo wetu naye 20. Dada, ambaye ndiye mdai, amejilipa mwenyewe 20, maana zile 80 zilitoka kwenye mali ambayo robo yake ilikuwa yake. Na kaka, aliyepaswa kubaki na 170, ana 230. Njia iliyodhaniwa inamtetea mdai imempa nafuu mdaiwa, tena nafuu ya 60, na hakuna aliyekusudia hivyo, hata kaka mwenyewe. Nilipomwonyesha dada karatasi hiyo aliisoma kimya mara mbili, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa najidai mwenyewe."

Kama familia yako inagawa kwa faradhi za Kiislamu au kwa wosia unaotaja viwango tofauti, ukubwa wa mafungu utabadilika, ila kosa litakuwa lilelile: deni la mtu mmoja litasambazwa kwa wote kwa kadiri ya mafungu yao, na asiye na hatia atalipa.

Deni la mdogo wetu lilikuwa jambo jingine kabisa, na watu huliweka kapu moja na lile la kaka. Yeye alikopa kwa Mama. Mtu akimdai mwingine halafu akafa, dai lake halifi naye, linakuwa sehemu ya mali aliyoiacha, kama nyumba ilivyo sehemu ya mali. Maana yake mdogo wetu sasa alikuwa anadaiwa na warithi wote, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Hilo la mwisho husahaulika, na likisahaulika anaonewa.

Turudi kwenye namba. Tuseme vitu vilivyopo mkononi vina thamani ya 900, na mdogo wetu alikopa 100 kwa Mama. Mali ya marehemu ni 1,000, si 900. Fungu ni 250. Mdogo wetu tayari ana 100 mkononi, kwa hiyo anapokea 150, na sisi watatu tunapokea 250 kila mmoja. Jumla ni 900, hesabu imefunga, deni limejifuta. Familia nyingine hugawa zile 900 kwanza, 225 kwa kila mmoja, halafu zinamtaka mdaiwa azitoe 100 zote zigawanywe kwa wale watatu. Akifanya hivyo amebaki na thamani ya 225 badala ya 250, kwa sababu amenyimwa robo yake katika deni ambalo naye alilirithi. Ukikuta mdogo wenu amenuna na hawezi kueleza anaonewa wapi, tazama hapo kwanza.

Mwanasheria tuliyemwendea alituambia kwamba kanuni hii ni kongwe. Mahakama zinazofuata sheria za Kiingereza huijua kwa jina la kesi ya Cherry dhidi ya Boultbee ya mwaka 1839: mtu anayedaiwa na mirathi hawezi kuchomoa fungu lake kwenye mfuko uleule ambao yeye mwenyewe hajautimizia. Ufaransa nao wanayo kwenye Sheria yao ya Kiraia, kifungu cha 864: deni la mrithi linahesabiwa ndani ya fungu lake, nalo linakufa kwa kiasi hicho. Kanuni hizo ni za deni kwa marehemu. Msimamizi wa mirathi hana haki ya kuzuia fungu la kaka kwa sababu tu kaka anadaiwa na dada. Wajibu wake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kumfikishia kila mrithi chake. Akikata cha mtu na kumpa mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye fungu au amri ya mahakama, anaweza kutakiwa akirudishe kutoka mfukoni mwake.

Mdogo wetu lakini alikuwa na hoja yake. "Ile Mama alinipa, hakunikopesha." Sikuona uongo machoni mwake. Nadhani aliamini hivyo, kwa sababu Mama hakuwahi kumdai, na mtoto asiyedaiwa muda mrefu huanza kuhisi alipewa. Hapa hakuna hesabu itakayokusaidia. Tulitafuta ushahidi: daftari la Mama alimokuwa akiandika matumizi. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na jina la mdogo wetu, kiasi, na neno "mkopo", kwa mwandiko wake ule ulioinama kushoto. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya marejesho madogo. Mdogo wetu alipoona yale marejesho alikumbuka. Zawadi hairejeshwi kwa awamu. Alikubali palepale, na kiasi kilichohesabiwa kikawa kile kilichobaki baada ya marejesho.

Kuna familia ambazo hazina daftari. Ushauri wangu kwao ni kwamba anayesema kuna deni ndiye aoneshe dalili zake, iwe muamala wa benki, ujumbe, shahidi aliyekuwepo, au marejesho yaliyokwisha kufanyika. Zikikosekana kabisa, chukulieni kwamba ilikuwa zawadi. Najua inauma. Ila kikao kikianza kuhukumu kwa kubahatisha nia ya marehemu, kila ada ya shule na kila msaada aliowahi kutoa vitafufuliwa, na hapo hakuna atakayetoka msafi. Angalizo moja: sheria za nchi kadhaa humtaka mtoto aliyepewa mali kubwa na mzazi enzi za uhai wake aihesabu kama fungu alilotangulizwa. Ulizeni sheria inayowahusu ninyi kabla ya kufunga mjadala wa zawadi.

Gharama za matibabu ndizo zilizotuumiza zaidi. Dada hakutamka kwamba anadai, lakini risiti alikuwa amezitunza zote kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa mkobani mwake. Tulijua ipo. Tulikaa kimya sote kwa sababu kulizungumza kulionekana kama kumwekea Mama bei. Mwishowe kaka ndiye aliyevunja ukimya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Dada, zitoe. Tusiache kitu ambacho kitatutafuna baadaye."

Tuliligawa suala hilo mara mbili. Kulikuwa na bili moja ambayo Mama alimwomba dada aitangulize, akaahidi mbele yetu kuirejesha akiba yake ya benki ikikomaa. Hilo lilikuwa deni la Mama, na deni la marehemu hutangulia mgao wowote. Sheria za nchi nyingi zinaanza na gharama za mazishi na madeni kabla ya mrithi kugusa chochote. Katika Qur'ani, aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa zinapotaja mafungu ya warithi hurudia tena na tena kwamba ni baada ya wasia au deni. Kwa hiyo bili ile kweli ilitolewa juu kwa juu, na hapo kila mmoja kuchangia ni haki, kwa kuwa aliyedaiwa ni mama yetu wote. Kauli ya mzee ilikuwa sahihi kwa deni hili. Ilikuwa tu imeelekezwa kwenye deni lisilo lake.

Risiti nyingine zilikuwa za malezi. Dada alizilipa kama mtoto, bila ahadi ya mtu yeyote. Dada mwenyewe alisema hazidai. Sisi tukaona si sawa aliyebeba mzigo abaki sawa na aliyepiga simu za kumjulia hali mgonjwa. Baada ya mgao, kila mmoja wetu, kwa hiari yake na kwa kiasi alichochagua, alimpa dada kitu kutoka kwenye fungu lake. Hatukulazimishana viwango, wala hatukutangaziana nani katoa nini. Ninaamini hilo lilimtuliza kuliko ambavyo agizo la kikao lingemtuliza, maana alichokitaka dada muda wote ni sisi kukiri kwamba alifanya.

Ikabaki nyumba. Fedha za benki hugawanyika, nyumba haigawanyiki, na mdaiwa mara nyingi ndiye anayeishi ndani yake au anayeitaka. Kaka hakuwa na fedha taslimu za kumlipa dada, ila alikuwa na robo ya nyumba. Wakakubaliana amwachie dada sehemu ya robo hiyo kufidia sehemu ya deni, na salio alilipe baadaye. Ni njia nzuri, na ni njia yenye mashimo. La kwanza ni thamani: tulimtafuta mthamini asiyemjua yeyote kati yetu, na wote wanne tukakubali kabla ya kuona matokeo kwamba namba atakayoitoa ndiyo tutakayoitumia. Ukisubiri kuiona namba ndipo ukubali, hutaikubali. La pili ni kwamba kubadilishana huko hakukai ndani ya mgao. Kwanza kaka anaandikwa kama mwenye robo, kisha yeye mwenyewe anahamisha sehemu kwa dada kwa hati inayosema ni malipo ya deni fulani. Mkiandika moja kwa moja kwamba dada amerithi zaidi na kaka amerithi pungufu, miaka ishirini baadaye watoto wa kaka watasoma hati hiyo na kuuliza kwa nini baba yao alidhulumiwa, na huenda atakayeweza kuwajibu hayupo. Kodi na ada za uhamisho nazo zinaweza kutofautiana baina ya urithi na malipo ya deni, kwa hiyo ulizeni kabla.

Jambo la wenza sikulitarajia. Mume wa dada hakujua kwamba fedha zile zilikopeshwa. Mke wa kaka alidhani zilikuwa mtaji wa ubia, faida na hasara kwa pamoja, na kama ingekuwa ubia basi biashara kufa kungekuwa hasara ya wote wawili na deni lisingekuwepo. Ilibidi kaka na dada wakae wao wawili waulizane walichokubaliana siku ile. Kaka ndiye aliyesema ulikuwa mkopo. Angeweza kujificha kwenye ubia, na nani angempinga? Hakufanya hivyo.

Baada ya hapo palikuwa na swali la thamani ya fedha yenyewe. Dada alisema alichokopesha kipindi kile kingenunua vingi kuliko leo, na ni kweli. Kisheria, kwa kawaida deni la fedha hulipwa kwa kiasi kilekile kilichokopwa, isipokuwa kama kulikuwa na makubaliano ya riba au sheria inaruhusu riba ya ucheleweshaji. Kwa wanaojizuia na riba kwa imani, mlango huo umefungwa, ila mdaiwa anaweza kulipa zaidi kwa wema wake bila kushurutishwa. Kaka aliongeza kidogo. Dada alipokea. Tulikuwa tumeshaafikiana kwamba nyongeza hiyo haitaandikwa kama deni wala haitageuzwa kuwa kipimo cha madeni mengine.

Na msameheane, ila kwa wakati wake. Nimeona mtu akishinikizwa asamehe kikaoni, mbele ya wazee, na machozi ya msiba bado hayajakauka. Anasema "nimesamehe" kwa mdomo, halafu anadai kwa njia nyingine maisha yake yote: hahudhurii shughuli, hapokei simu, anawaambia watoto wake. Aliye na haki ya kusamehe ni mdai peke yake, na anaweza kusamehe tu anachokijua. Kwa hiyo hesabu itangulie, apewe namba kamili, aende nayo nyumbani, alale nayo. Akirudi na kusema amepunguza nusu, liandikwe hivyo na atie saini. Deni kwa marehemu nalo haliwezi kusamehewa na kaka mkubwa kwa niaba ya wengine. Kila mrithi anasamehe sehemu yake tu, na kama kuna mrithi mtoto mdogo, sehemu yake haiguswi.

Tulitoka na karatasi mbili zisizochanganywa. Ya kwanza iliorodhesha mali ya Mama, madeni aliyodai, madeni aliyodaiwa, mafungu, na saini zetu wanne. Haikumtaja kaka na dada kama mdaiwa na mdai mahali popote. Ya pili ilikuwa yao wawili: kiasi, asili ya deni, sehemu ya nyumba iliyohamishwa, salio, tarehe za kulipa salio, na nini kitatokea mmoja wao akifariki kabla halijaisha. Hicho kipengele cha mwisho dada ndiye aliyekiomba. Kikasema kwamba salio litalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu huyo, na watoto wake hawatadaiwa kwa mifuko yao. Mimi nilishuhudia, nikabaki na nakala.

Wenye wazazi walio hai wana nafasi ambayo sisi hatukuipata. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na haikuwatoa ndugu. Muulize mzazi wako, kwa adabu na mbele ya wenzako, kile alichompa fulani ni zawadi, ni mkopo, au ni fungu lililotangulizwa. Mwombe aandike neno moja kati ya hayo matatu pembeni ya kila kiasi, na tarehe, na saini yake. Kwa ndugu uliyemkopesha wewe mwenyewe, mtumie leo ujumbe unaotaja kiasi kilichobaki na umwombe ajibu kama ni sawa. Si lazima umdai. Jibu lake tu linatosha kuwaepusha na kikao kama chetu, na kama muda wa kisheria wa kudai unakaribia kuisha, waulize wanasheria wa kwenu kama jibu hilo la maandishi linauanzisha upya.